Saluti kwenye Mzunguko wa Pili

Askari wa trafiki aliapa kwa mara ya pili, na safari hii jasho lilikuwa limeshafika kwenye kola.

"Nilimwona Waziri kwa macho yangu haya, afande. Alikaa kiti cha nyuma, kushoto."

"Amevaa nini?" Inspekta aliuliza.

"Suti."

"Rangi?"

"Nyeusi."

"Na vioo vya gari lile vikoje?"

"Vyeusi pia, af..." Askari akajikatiza.

"Basi una macho ya ajabu. Umeona suti nyeusi nyuma ya kioo cheusi, tena gari likiwa mbio. Nikipata wengine wawili kama wewe nafunga ofisi hii, nakwenda zangu kulima."

Inspekta alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama mtu anayechomoa mwiba, polepole, huku anakutazama usoni. Kituoni walimwogopa zaidi akiwa amenyamaza. Sasa alinyamaza. Askari alitazama meza, akatazama dirisha, mwisho akatazama dari. Juu ya dari hiyo ndiko ilikokuwa ofisi ya Kamanda.

"Ahaa," Inspekta alisema. "Nimekuelewa. Haya, futa kiapo chako, tuanze upya kama watu wazima. Ulichokiona ni nini hasa?"

"Bendera, afande." Sauti ilimshuka. "Bendera ilikuwa wazi, inapepea. Sisi tunapigia saluti bendera. Ikiwa wazi, mwenyewe yumo. Ikivishwa kifuko chake, gari ni tupu, lina dereva tu. Nani atainama kuchungulia ndani? Nilisimamisha magari pande zote, nikapiga saluti, likapita. Sikujua kama mbele huko litamgonga mtu."

Hapo ndipo kesi yote ilipokuwa imelala, juu ya kitambaa kidogo kwenye pua ya gari. Juzi mchana, gari la Waziri wa Ujenzi lilimgonga mkunga mmoja aliyekuwa anavuka barabara ya kuelekea hospitali kuu, likapita bila hata kupunguza mwendo. Mkunga alikata roho pale pale barabarani, getini kabisa kwa hospitali aliyokuwa anafanyia kazi. Watu waliokuwepo walikubaliana jambo moja tu, kwamba bendera ilikuwa wazi. Jioni yake dereva wa Waziri, mzee mpole ambaye madereva wenzake walimwita Taratibu kwa jinsi alivyoendesha, alikuja kituoni mwenyewe na gari lenyewe. Aliweka funguo kaunta, akasema, "Ni mimi. Nilikuwa peke yangu." Tangu hapo hakuongeza neno.

Na hakuna aliyemwamini. Utamwaminije? Waziri mwenyewe mitaani aliitwa Sabuni, maana kila ukidhani umemshika, anakuponyoka, tena anakuacha unanukia vizuri. Walipouliza cheti chake cha shahada, chuo kilichomtunuku kikashika moto ofisi ya kumbukumbu peke yake, wala moshi haukufika darasa la jirani. Blanketi za watu waliokumbwa na mafuriko zilikutwa kwenye vitanda vya hoteli ya shemeji yake, na Sabuni akasimama Bungeni akalia machozi, akasema amesalitiwa na ndugu. Kisha likaja paa la soko, lile lililozinduliwa kwa ngoma na kuanguka kabla rangi haijakauka. Tume iliundwa, tume ikala chakula kizuri, tume ikalaumu upepo. Leo alasiri Bunge lilikuwa linapiga kura kumthibitisha kuwa Waziri Mkuu.

Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu mwingine ndani ya gari aliyeamuru dereva asisimame, Taratibu alikuwa shahidi tu, angelala kwake. Kama hakukuwa na mtu, mzee angeshtakiwa kwa kuua na kukimbia, na kwa umri wake, gerezani asingetoka akitembea. Inspekta alilijua hilo vizuri sana.

"Kabla gari halijafika kwako," alimwuliza askari, "lilipita mzunguko gani wa barabara?"

"Ule wa kwanza, afande. Pale yupo mwenzangu, tunamwita Filimbi."

"Yeye ameulizwa?"

"Aulizwe nini? Ajali haikutokea upande wake."

Inspekta alikunja karatasi ya maelezo ya yule askari, akaitia mfukoni ili isije ikaokotwa na mtu wa ghorofa ya juu.

*

Sajini alimsubiri uani, kwenye gari la Waziri. Alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mwenye tumbo la heshima na mdomo usiopumzika. Taa moja ya mbele ilikuwa imevunjika. Boneti lilikuwa na bonde. Bendera ilikuwa bado kwenye mlingoti wake mdogo, imelala, haina upepo.

"Nimelikagua mpaka limeona haya," Sajini alisema. "Kiti cha nyuma hakina unywele, hakina karatasi, hakina hata ganda la pipi. Wanasafisha kila siku, mashetani hawa. Ila chini ya kiti cha dereva nimekuta hiki."

Kilikuwa kifuko chembamba cha plastiki nene, chenye kamba ya kufungia chini. Kamba ilikuwa imekatika. Mshono mmoja ulikuwa umeachia kuanzia juu mpaka katikati.

Inspekta alikipokea, akakigeuzageuza. Kisha aliingia kwenye gari, akafungua mfuko wa mlango wa dereva. Mlikuwa na kitambaa cha kufutia vioo, kimekunjwa pembe nne, na kiberiti cha njiti za meno, na kamba mpya ya akiba iliyoviringishwa vizuri.

"Njoo uone. Mzee huyu anakunja hata kitambaa cha kufutia vumbi. Kifuko cha bendera angekiweka wapi?"

"Hapo hapo mlangoni."

"Bosi anapopanda, dereva anafanyaje?"

"Anamfungulia mlango, anaufunga, anazunguka mbele, anafungua kamba, anavua kifuko, anakikunja, ndiyo wanaondoka. Nimewahi kulinda msafara, nayajua hayo. Wenyewe wanapenda kungojewa. Hata kama nyumba inaungua, bendera inafunguliwa kwa adabu."

"Hiki hakikufunguliwa kwa adabu. Kimenyofolewa na kutupwa chini ya kiti." Inspekta alitoka nje ya gari. "Mtu aliyefanya hivi hakuwa na bosi aliyekaa nyuma anamtazama. Aliondoka mahali bendera ikiwa imefungwa, akaamua kuifungua njiani."

Sajini alikuna shingo. "Au alimchukua bosi njiani."

"Inawezekana. Twende tukaulize."

Lakini Kamanda alikuwa ameshashuka ngazi. Alikuwa mrefu, sare imepigwa pasi mpaka inakata, na leo alikuwa na tabasamu, jambo ambalo halikumpendeza mtu yeyote kituoni.

"Maelezo ya trafiki nimeyangoja juu."

"Hakuona mtu, afande. Aliona bendera."

"Bendera wazi maana yake mtu yumo. Mtoto wa shule anajua." Kamanda alimshika bega, akamvuta pembeni, na sauti ikawa ya nyumbani. "Dada yangu, huyu mtu ametuponyoka mara ngapi? Leo amekaa mkononi mwetu, kavu. Mzee aseme maneno mawili tu, bosi alikuwemo, na jioni anakula kwake na wajukuu. Kuna wabunge wanangoja simu yangu tu."

"Nilimwambia hivyo jana. Alikataa kwa kichwa tu."

"Mwambie tena. Sabuni nimemwita aje atoe maelezo kabla hajaenda Bungeni." Akamwangalia kwa chini. "Au mguu wa mdogo wako umeshausahau?"

Mdogo wake Inspekta alikuwa na meza ya kutengeneza saa chini ya paa lile la soko siku lilipoanguka. Kamanda alikuwa amekwenda hospitali kumpa pole, na maua mkononi, kwa hiyo alijua pa kubonyeza.

"Sijausahau, afande. Naishi naye. Nausikia ule wa mbao kila asubuhi akishuka ngazi."

Aligeuka, akamwita Sajini waondoke. Ubaya ni kwamba alitaka kabisa Sabuni awe alikuwemo ndani ya gari lile. Alitaka hivyo tangu juzi.

*

Filimbi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyoweza kusimamisha lori bila filimbi. Aliwasogeza kivulini, huku mkono mmoja ukiendelea kuyaelekeza magari.

"Gari la Sabuni? Nalijua kama mlango wa kwetu. Juzi lilitoka kule, barabara ndogo ile yenye miti." Alinyoosha kidole. "Bendera imefungwa. Sikulipigia saluti, nilimpungia tu mzee, naye akanipungia. Alikuwa anakwenda zake mwendo wake wa jongoo."

"Mwendo wa jongoo," Inspekta alirudia. "Una hakika?"

"Taratibu huyo, afande! Ukimfuata nyuma unaweza kusinzia. Basi, akaingia kwenye foleni pale mbele, penye ukuta wa ghala. Foleni imesimama kabisa. Mara namwona katoka mbio, simu iko sikioni, anang'ang'ana na kitu mbele ya gari. Nikadhani anatoa takataka. Kumbe bendera. Akarudi ndani, akawasha taa zote, akaanza kupiga honi. Nikashangaa, mzee ameingiwa na nini? Watu walipoona bendera wakampisha."

"Kuna mtu alipanda pale?"

"Apande nani? Upande huu ukuta, upande ule mtaro. Mlango wa nyuma haukufunguka. Ningeuona."

Sajini alishusha pumzi, kama mtu aliyeona chakula kikiondolewa mezani. Inspekta aliendelea.

"Gari hilo hupita hapa mara kwa mara?"

Filimbi alicheka, akaziba mdomo. "Kila wiki, siku zake zile zile. Asubuhi linaingia barabara ya miti bendera wazi, linatoka limefungwa. Mchana linarudi limefungwa, linatoka wazi. Yaani mwenyewe anaachwa humo ndani saa nzima, saa nyingi. Sisi hapa tulishasema, kuna mtu analishwa humo."

"Nyumba ndogo!" Sajini alipiga makofi. "Nilijua tu! Afande, ndiyo maana mzee amefunga mdomo. Bosi alikuwa kwa mchepuko. Twende tukamwone huyo bibie, huenda ana dada."

"Mkeo anakusikia huko aliko."

"Mke wangu amekata tamaa siku nyingi."

Barabara ya miti ilikuwa fupi, safi, na mwisho wake palikuwa na ukuta. Mkono wa kushoto palikuwa na duka la kuuza samani ambalo mwenye duka alikuwa amelala juu ya bidhaa zake. Mkono wa kulia palikuwa na shule ya chekechea iliyofungwa kwa likizo, kisha nyumba nyeupe ya ghorofa moja, geti jeusi, na kibao kidogo ambacho ungepaswa kukikaribia ili ukisome. Sajini alikikaribia, akakisoma, na utani wote ukamtoka.

"Figo," alisema. "Ni kliniki ya kusafisha figo."

*

Muuguzi mkuu aliwapokea mlangoni, wala hakuwakaribisha kukaa. Alikuwa mama wa makamo, macho mekundu, sare imenyooka.

"Habari za wagonjwa wangu sitoi," alisema kabla hajaulizwa. "Hata mje na jeshi. Bila mgonjwa mwenyewe kuniruhusu, sisemi, hata mahakamani."

"Sijaja kwa ajili ya mgonjwa," Inspekta alisema. "Nimekuja kwa ajili ya dereva. Ni mzee mmoja, yuko mahabusu kwangu. Hali, halali, hasemi. Kesi yake ni ya kuua."

Muuguzi alitazama ukutani. Ndani, nyuma ya mlango wa kioo, mashine zilisikika zikinguruma polepole.

"Habari za dereva," alisema mwisho, "hazimo kwenye kiapo changu. Kaeni."

Walikaa. Yeye alibaki amesimama.

"Mimi ndiye niliyempigia simu. Kulikuwa na mgonjwa kwenye mashine. Sisemi nani. Sindano ilichomoka mkononi, na mkono ulikuwa chini ya blanketi, hatukuona mpaka damu ilipofika sakafuni. Ilikuwa imemwagika nyingi. Gari letu la wagonjwa lilikuwa gereji. Damu ilikuwepo hospitali kuu, wameshaiandaa, inangoja mtu wa kuifuata geti la nyuma. Mzee alikuwa ametoka kwenda kujaza mafuta. Nikamwambia, Mzee, kimbia, usipowahi hutamkuta." "Hayo ndiyo maneno yangu. Mimi ndiye niliyemwambia akimbie."

"Akaleta?"

"Akaleta. Alifika akiwa anatetemeka, kisanduku amekikumbatia kifuani. Nikadhani ni hofu ya bosi. Hakuondoka. Alisimama pale pale ulipo wewe mpaka tulipomaliza. Akaniuliza, ataishi? Nikamwambia ataishi. Akasema, basi dada, mimi naenda polisi. Nikadhani amechanganyikiwa." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Usiku ndipo niliposikia nani aligongwa. Tulisoma chuo kimoja. Tulilala chumba kimoja, mimi na yule mkunga."

Sajini alivua kofia.

"Na mgonjwa alipozinduka," Inspekta aliuliza, "aliambiwa ni nani aliyeleta damu?"

"Nilimwambia mwenyewe. Na jana nilimwambia mzee yuko ndani. Aliniambia nisihangaike, atalishughulikia."

Ndani ya gari, wakirudi, Sajini ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo Sabuni hakuwemo."

"Hakuwemo."

"Miaka yote tunamtafutia kosa. Leo tumemweka kwenye kona, na kosa hana!"

"La juzi mchana hana." Inspekta alikasirika kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe. "La jana na la leo analo. Mahakama ikijua mzee alikuwa anakimbilia roho ya mtu, itamtazama kwa jicho jingine. Muuguzi hawezi kusema. Wanaoweza ni wawili tu, na mmoja, mzee, amejifunga mdomo ili amlinde bosi wake, kwa sababu chama hakimpi mgonjwa kiti cha Waziri Mkuu."

"Na mwingine ni Sabuni."

"Ndiyo. Kanyaga mafuta."

*

Sabuni alikuwa ameshafika. Chumba cha maelezo kilijaa manukato yake. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa mpaka vifundoni, saa ameivaa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa ameulaza mapajani, hautumii hata kushika kikombe. Pembeni yake alikaa wakili, kijana mwenye miwani, anayetazama saa ya ukutani.

"Inspekta, karibu," Sabuni alisema, kana kwamba chumba ni chake. "Nimesikia sifa zako. Pole sana kwa mdogo wako. Upepo ule ulituumiza sote."

Inspekta alivuta kiti, akakaa, akahesabu moyoni mpaka hasira ikatulia.

"Juzi mchana ulikuwa wapi, Mheshimiwa?"

"Nyumbani, naandaa hotuba ya leo."

"Kuna aliyekuona?"

"Hotuba inaandikwa peke yako, mama."

"Na dereva wako?"

"Nilimpa mapumziko." Sabuni alitikisa kichwa kwa huzuni nzuri sana. "Kumbe akachukua gari, akazurura nalo. Nimeumia. Mzee huyu nimekaa naye tangu nikiwa diwani."

"Alifungua bendera. Kwa nini?"

"Binadamu, Inspekta. Umekaa miaka yote unamwendesha mtu anapigiwa saluti. Siku moja na wewe unatamani upigiwe."

Wakili alifunga mkoba wake. "Mteja wangu amemaliza. Bunge linamngoja."

"Dakika chache. Maelezo ya watu wawili yakigongana, tunawakutanisha. Ndio utaratibu." Inspekta alimgeukia Sabuni. "Au unaogopa kumwona?"

"Nimwogope nani, Taratibu?" Sabuni alicheka. "Mlete. Hatasema kitu."

Hilo alilisema kwa uhakika mno, na Inspekta akajua kwamba mtu huyu ameufanyia hesabu ukimya wa mzee, akaupangia na kazi.

Sajini alimleta. Mzee Taratibu aliingia na pingu, ndevu nyeupe zimeanza kuota, shati la kazi limekunjamana. Alipomwona Waziri, visigino vyake vilijikutanisha vyenyewe. Alisimama wima kama siku zote. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto.

"Mheshimiwa," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti yake kusikika tangu juzi jioni. "Mkono unaendeleaje?"

Wakili aligeuka. "Mkono gani?"

"Hakuna kitu," Sabuni alisema haraka. "Mzee anazungumza mambo yake."

"Umekula lakini? Kule walisema usikae bila kula."

"Kule wapi?" wakili aliuliza tena.

Inspekta aliweka kalamu juu ya karatasi. Angeweza kusema kila kitu yeye mwenyewe. Alijizuia kwa nguvu. Neno likitoka kwake lingekuwa la polisi, na kufika jioni Sabuni angeshaliosha na kulikausha.

"Mheshimiwa," alisema, "rudia uliyoniambia. Mbele yake."

Sabuni alitazama saa. Alitazama mlango, ambako kivuli kirefu cha Kamanda kilionekana kwenye uwazi wa chini. Kisha alimtazama dereva wake, akalainisha uso.

"Taratibu, mzee wangu, sikuchukii. Nimewaambia ukweli tu. Nilikupa mapumziko, ukachukua gari bila ruhusa. Ukafungua bendera ili nawe upigiwe saluti. Limetokea la kutokea. Familia yako nitaiangalia."

Midomo ilimcheza mzee. Sajini alitazama viatu vyake.

"Ili nipigiwe saluti," mzee alisema mwisho.

"Tamaa ni ya kila mtu, mzee wangu. Hakuna atakayekucheka."

Mzee aliendelea kumtazama, kama dereva anayeitazama barabara aliyoizoea na kukuta imehamishwa. Inspekta aliona mabega yale, yaliyosimama wima kwa mazoea ya miaka, yakishuka polepole. Kisha mzee akafanya jambo ambalo, kwa uso wa Sabuni ulivyobadilika, hakuwahi kulifanya mbele yake hata siku moja. Alivuta kiti bila kuruhusiwa, akakaa.

"Taratibu," Sabuni alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine kabisa. "Fikiria unachotaka kufanya. Bado tuna safari mimi na wewe."

"Mteja wangu anaondoka," wakili alisema, lakini yeye mwenyewe hakuinuka. Alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto.

Mzee alimgeukia Inspekta. Aliweka mikono yenye pingu juu ya meza.

"Inspekta, kalamu yako inaandika?"

"Inaandika, baba."

"Yule mama alikuwa bado anapumua nilipompita. Nilimwona kwenye kioo, ameinua mkono. Ningesimama, hospitali iko pale pale, pengine angepona. Sikusimama. Andika hilo kwanza, maana hilo ni langu, sitaki mtu anisaidie kulibeba." Akangoja mpaka kalamu ikatulia. "Umemaliza? Haya. Sasa andika damu niliyokuwa naifuata iko mwilini mwa nani."